Magunia ya Kaka

3 Machi

Kaka,

Salamu. Natumaini huko kwako hamjambo. Mimi sijambo kidogo, na huo ni uongo wa heshima tu.

Nasikia umewaambia ndugu kwamba tumbo langu limevimba kwa sababu ya roho mbaya. Daktari ameupa uvimbe huo jina jingine: saratani ya utando unaofunika matumbo. Ameniuliza nilikutana wapi na vumbi la asbesto, madini ya kutengenezea vigae vya paa. Nikamjibu mimi ni fundi cherehani, vumbi langu ni la chaki. Akasema la asbesto likishaingia mwilini hukaa hata miaka thelathini kimya kabla ya kujionyesha. Ndipo nikakumbuka magunia matupu uliyoniletea kutoka kiwanda chenu cha vigae. Nilikuwa nayakung'uta uani, kisha nayashona kuwa magodoro. Yalibeba nini? Nataka maandishi.

Mdogo wako

20 Machi

Mdogo wangu,

Barua nimeipata, hatujambo. Pole kwa ugonjwa, ingawa naona ulimi ni mzima kabisa. Nilisimamia stoo ile miaka kumi na tisa, na leo napanda ngazi bila fimbo. Nilikuletea magunia kwa sababu mlikuwa mnalala sakafuni. Hiyo ndiyo asante yako? Tafuta mwingine wa kumtwisha.

Kaka yako

11 Juni

Kaka,

Hujambo? Nauliza kwa mazoea, si kwa mapenzi.

Jana wamenitoa maji tumboni, lita tano. Fundi mitambo wenu wa zamani alikuja kunitazama. Anasema lilikuja tangazo: magunia yafukiwe, yasitoke getini. Anasema wewe ndiye uliyewasomea.

Mimi nimekwisha, wala sitaki uniombe radhi. Lakini tulikung'uta wawili, na ncha ya pili ya gunia aliishika binti yangu. Kuna kliniki inayowafuatilia waliovuta vumbi la kiwanda, na haimpokei mtu bila ushahidi wa mfanyakazi. Andika ulileta nini nyumbani kwangu, na nani alikigusa. Nakuchukia, lakini huyu ni mpwa wako.

Mdogo wako

30 Agosti

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii inakukuta. Ndiyo, tangazo nililisoma. Magunia yalikuwa mazima, nikaona upuuzi kuyafukia. Sikukwambia kwa sababu ungeyatupa na kunitangaza mtaa mzima. Ushahidi huu hapa, na saini yangu. Nimeandika kwamba mtoto aligusa gunia mara moja tu, kwa bahati mbaya. Inatosha. Usinisumbue tena.

Kaka yako

9 Septemba

Mjomba,

Shikamoo. Shikamoo hiyo naiandika kwa sababu mama alinilea hivyo.

Mama tulimzika Jumanne. Barua yako imefika Alhamisi, nikaifungua mimi. Ushahidi nimeupeleka kliniki. Nesi ameusoma akanirudishia: aliyegusa mara moja hawamwandikishi.

Mjomba, nilishika gunia kila Jumamosi tangu nina miaka sita hadi kumi. Wewe ulikuwa unakaa mlangoni na chai yako, unatuambia tukung'ute kwa nguvu.

Andika upya.

Mpwa wako