Bakteria Waliobaki Kasungami

Jumanne, Kasungami

Hasira haijanitoka. Tangu askari wapore maabara yetu na kumwaga chupa zote tulimowatunza, bakteria wanaoyalisha maharagwe kwenye udongo huu ulioharibiwa na moshi wa kiwanda cha shaba wamebaki shambani kwangu tu, mizizini mwa maharagwe yangu.

Leo nimemkuta jirani yangu, Mama Ngoie, akiyang'oa.

“Mama, chuma majani, acha mizizi!”

“Batoto balilala na njala. Mizizi iko ya nini?”

Nikapasua kifundo cha mzizi mmoja, wanamoishi bakteria. Ndani kilikuwa chekundu, ishara kwamba wako hai. Nilitaka kumweleza, lakini watoto walikuwa wanamsubiri. Nikamsaidia kubeba majani.

Mizizi nimeifukia palepale. Bakteria wataishi udongoni. Mbegu ya maharagwe ya kupanda tena, hatuna.