Injinia na Kiondo cha Nduma

Mama mpendwa, natumai goti linakuacha ulale.

Hapa Ruiru kuna jua na vumbi. Nimekuja kuandika habari za kituo cha treni kinachopangwa kujengwa juu ya nguzo, mabasi yakisimama chini yake. Leo injinia alileta mchoro hapa steji ya mabasi ili wananchi watoe maoni. Wairimu, muuza nduma za kuchemsha mwenye goti kama lako, akaona wachuuzi wote wamepangiwa orofa ya juu, na njia ni ngazi tupu.

"Nitapandaje?"

"Polepole tu, mathe."

Wairimu akamkabidhi kiondo kilichojaa nduma, akamwonyesha daraja la waenda kwa miguu. "Panda nacho, kisha tuongee."

Wanawake wa hapa hupitisha mkanda wa kiondo juu ya paji la uso, mzigo ukalala mgongoni. Injinia alikikumbatia kifuani, akawa haoni anapokanyaga. "Mkanda kichwani, injinia! Kwani hukulelewa na nyanya?" watu wakampigia kelele. Alifika juu shati limemganda kwa jasho. Wairimu alimfuata kidato kwa kidato, akishika chuma cha ngazi, bila kukubali mkono wa mtu.

"Sawa, mathe. Lifti itakuwepo."

"Usiniambie. Chora."

Injinia akatoa karatasi mfukoni, akachora, akatia sahihi mbele ya watu. Wairimu aliikagua karatasi, kisha akaanza kushuka mikono mitupu.

"Haya, sasa nirudishie nduma zangu chini."

Jipake dawa, Mama, na usipande darini kuchukua mahindi mpaka nifike.

Mwanao,
Mumbua