Mtihani wa Boksi

Jumatano, 6 Machi

Nimeteuliwa! Jopo la kuchagua watoto wa darasa la vipaji. Mwalimu mkuu wetu kanipa habari huku anacheka — eti safari hii wanataka mtu kutoka shule za bondeni, kwa ajili ya usawa. Miaka nenda miaka rudi hatujaingiza mtoto hata mmoja kule mlimani, kwenye shule yao ya wenye nacho. Nimependekeza watatu. Kidomo yumo. Wenzangu wamenuna: huyo binti haachi kuuliza, anachosha. Ndiyo maana nampeleka.

Ijumaa, 8 Machi

Aibu. Sina neno jingine.

Mtihani umefanyika shuleni kwao, mlimani. Kila mtoto anapewa boksi la vipande vya mbao na picha ya mnara, aujenge. Anayewahi ndiye mwenye kipaji. Watoto wa pale — weee! Wanajenga bila hata kutazama picha. Mwenyekiti wa jopo, mama mwenye sauti ya kubembeleza mgonjwa, akaninong'oneza kwamba akili mtu anazaliwa nayo. Wetu walivigusa vile vipande kwa ncha ya kidole kwanza. Kidomo alichelewa kuliko karibu wote. Alipomaliza akaubomoa mnara, akajenga daraja ambalo halimo kwenye picha, na likasimama! Mwenyekiti akaandika: hafuati maelekezo.

Nikatoka kutafuta choo. Nikapotea, nikafungua mlango wa darasa la watoto wadogo. Kwenye rafu — maboksi yaleyale! Kona zimechakaa kwa kuchezewa.

Nilirudi, nikasema mbele ya wote nilichokiona. Mwenyekiti hata hakukasirika.

"Mwalimu, kila mtoto amepewa boksi lilelile. Sasa upendeleo uko wapi?"

Wenzake wakatikisa vichwa kukubali, kisha wakaulizia chai. Chai! Afadhali mwizi wa usiku, yeye walau anajificha.

Jumamosi, 9 Machi

Mwenyekiti kapiga simu. Mpenzi huku, mpenzi kule. Ipo nafasi moja, anasema, ya mtoto wa mazingira magumu. Ni ya Kidomo nikitaka. Ila Jumatatu wazazi watakusanyika, na ingependeza mimi, mtu wa bondeni, nikiwaambia mtihani ulikuwa wa haki. Hakusema "la sivyo". Hakuhitaji.

Nikajibu nitafikiri. Nifikiri nini? Nikikubali, nimewauza wale wawili wengine, na watakaokuja mwakani. Nikikataa, nimemnyima Kidomo shule kwa mdomo wangu mwenyewe. Wahenga walisema ukila na kipofu usimshike mkono. Hawa wanamshika, na wanataka ashukuru.

Jumapili, 10 Machi

Mama yake Kidomo, fundi cherehani, kaja mbio na sindano bado zimechomekwa kifuani. Mwenyekiti kampigia na yeye! Kabla sijajibu! Kalia, kanishika mikono yote miwili, kaniita dada. Nikamchemshia chai, bei ya nafasi ile sikuitaja. Nyoka wale.

Jumatatu, 11 Machi

Naandikia mapajani, ukumbini, mlimani. Mwenyekiti anahutubia. Haki, haki, haki — analitafuna hilo neno kama ubani. Wale wawili wengine hawakualikwa. Kidomo kakaa ubavuni pangu, kasukwa vizuri, kapakwa mafuta anang'aa. Mama yake yuko upande wa pili, anatabasamu kwa kila mtu.

Kidomo kanivuta mkono sasa hivi.

"Mwalimu, wale wa huku walikuwa wanalijua lile boksi. Niliona mikono yao."

Nimemwambia anyamaze.

Mimi! Niliyegombana na ofisi nzima kwa ajili ya mdomo wake! Na kanyamaza papo hapo, kakunja mikono mapajani, mtoto mwenye adabu. Sijawahi kumwona hivyo. Sitaki kumwona hivyo.

Mwenyekiti ametaja shule yetu. Wanapiga makofi, wanageuka kunitazama, na mama yake Kidomo ananisukuma begani niinuke —