Zamu Yangu Analala Barazani

Bodo,
S.L.P. 61,
Msambweni.

14 Machi 1999

Mpendwa dada Biasha,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta u mzima, wewe na shemeji Kibwana na watoto, na kwamba baridi ya Nairobi haijakuzidishia maumivu ya goti. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi, ila joto. Mama amepunguza kukohoa, na bado anagombana na mbuzi wa jirani.

Nimezipata habari kwamba mnataka kujenga kwenye kiwanja cha marehemu baba, na unaniuliza kama mabati mlete kutoka huko au mnunue Ukunda. Dada, usilete bati hata moja. Nitakueleza sababu, na ukicheka ucheke peke yako, shemeji asisikie.

Unakumbuka Jaafar alipotaka kuoa mke wa pili, sikulia wala sikurudi kwa mama. Nilisema tu: oa, lakini mimi nijengee nyumba ya matofali ya saruji na paa la bati, nisibaki chini ya makuti kama kuku. Akajenga. Huyo mwenzangu, Mwanaima, akajengewa ya udongo. Majirani walikwenda kukandika huku wakiimba, juu ikaezekwa makuti. Nilipita pale na leso yangu mpya, nikamwonea huruma. Hata mvua za El Niño nilizisubiri zimbomolee. Zilimega kona moja tu, akakandika upya, yakaisha.

Sasa kaskazi hii imenitia adabu. Bati likishapigwa na jua la asubuhi, nyumba yangu ni tanuri, na ile saruji ndiyo kwanza inatoa joto lake jua likishatua. Jaafar akaleta feni ya betri ya gari. Betri kila mara ipelekwe Msambweni kuchajiwa, ikirudi inazungusha hewa ileile ya moto mpaka inakufa. Kwa Mwanaima hakuna feni. Ukuta wake ni mnene, chini ya paa wameacha nafasi upepo upite, na sakafu yake ya udongo wa kichuguu ukiikanyaga saa saba mchana utadhani imenyunyiziwa maji. Najua kwa sababu nimeikanyaga. Nilikwenda kuazima kinu nikakaa mpaka alasiri, na nilichukia vile nilivyostarehe.

Lakini kubwa ni zamu. Zamu ya Mwanaima, mume analala ndani, mlango umefungwa. Zamu yangu, anachukua mkeka na mto, analala barazani. Wanaokwenda msikitini alfajiri wanamkuta pale amejinyoosha, na Bodo nzima inajua zamu ni ya nani. Kisimani wanasema Fauzia kamfukuza mume. Dada, wivu unaniunguza kuliko hilo bati. Kumwonea mke mwenza wivu ni desturi. Mimi nimefika mahali pa kuuonea wivu ukuta wake. Mama alinionya, usiache mbachao kwa msala upitao, nikaziba masikio.

Nilimwomba Jaafar aniwekee dari. Akanijibu, "Nyumba hii uliichagua mwenyewe, Fauzia. Mimi niliitaka ya udongo." Nikamnunia.

Basi Jumapili iliyopita Mwanaima akaja na wanawake wenzake, kila mmoja na mzigo wa makuti kichwani. Aliyashona mwenyewe, na hapa kwetu hakuna anayeshona makuti mazito kama yeye. Akasema, "Shikamoo, dada. Tumekuja kulifunika bati lako. Mume akilala nje, aibu si yako peke yako, ni yetu sote." Afadhali angekuja kunicheka. Ningempigia kelele, moyo ukapumzika. Badala yake ilinibidi nipike wali wa nazi, na sahani ya kwanza nikampa yeye. Mafundi waliofuatana nao wakayafunga makuti juu ya bati, wakatoboa na matundu ya hewa juu ya ukuta.

Nyumba imepoa, siwezi kusema uongo. Jaafar akalala ndani. Mlango niliutia komeo kwa mkono wangu, nikafurahi kama bibi harusi. Asubuhi akaamka, akajinyoosha, akasema, "Alhamdulillahi. Nimelala kama niko kwa Mwanaima."

Sikumpa chai.

Kwa hiyo jengeni kwa udongo na mawe ya hapahapa, kuta nene, madirisha yaelekee upepo, na juu makuti. Hata wazungu wa Diani, na pesa zao zote, hotelini wanalazwa chini ya makuti. Sisi tunayakimbia kwa nini? Lakini nakuomba jambo moja. Makuti usimwagize Mwanaima, hata mama akikwambia yake ndiyo mazuri. Nimeanza kujifunza kushona. Vidole vimechanika, na yale ya kwanza mbuzi wamenisaidia kuyala, lakini mpaka mfike kuezeka nitakuwa nimeweza. Nataka siku utakayolala humo mara ya kwanza, uamke useme umelala kama uko kwa Fauzia.

Msalimie sana shemeji Kibwana, na mwanangu Shutu na wadogo zake. Mama anawaombea dua kila swala. Mwanaima naye amenituma salamu zake. Nimeziweka mwisho makusudi. Mwenyezi Mungu awalinde huko mliko, awarudishe kwetu salama.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye daima,

Fauzia