Salamu za Wandera

Mama, huko Khunyangu mmeamkaje? Hapa Malaba ni matope na malori tu.

Nimewapokea wale Wamarekani weusi ambao Wandera wetu anawafundisha Kiswahili huko ng'ambo anakosoma. Dada mmoja, nywele kama mzinga wa nyuki, alishuka basi akawainamia wazee kwa heshima, akasema, “Weka jiwe.” Taniboi, yule msaidizi wa dereva wa lori lililosimama kando, akadhani ameagizwa; akakimbia, akaweka jiwe nyuma ya gurudumu. Dada akatoa machozi ya furaha. Kumbe Wandera, profesa wako, taniboi wa juzi, amewaambia hiyo ndiyo salamu ya mababu.

Dada akaniuliza jiwe lina maana gani. Nikamwambia linazuia gari kurudi nyuma.

“Hilo ndilo tulilofuata huku,” akasema. Nikaacha kucheka.

Endelea kumsifu mwanao kanisani, Mama, na ule vizuri. Wandera akirudi, jiwe lake ninalo.

Nabwire wako