Maji Meusi ya Shemeji

Jumatatu, 3 Machi
Wote wanaisimulia vibaya habari hii! Bombani, dukani, kwa kinyozi — eti shemeji yangu ndiye bingwa wa kutoa gundi kwenye mabua ya ngano. Bingwa! Mimi ndiye niliyempeleka pale karakana, hata mwiko alikuwa anaushika kama fimbo. Kazi yenyewe hii: mabua unayakatakata, unayachemsha na magadi makali, unachuja. Maji meusi ndiyo mali. Unatia siki, halafu spiriti kidogo kidogo, na mawingu meupe yanashuka chini. Mtaalamu wetu, yule binti mwenye miwani, anayaita hemiselulosi. Mimi nayaita gundi, na yananiitikia.

Sasa linaletwa pipa kubwa la kuchemshia. Msimamizi mmoja tu. Mwingine arudi nyumbani akachunge kuku.

Jumanne, 4 Machi
Mawingu ya shemeji yameshuka kama pamba. Watu wamejazana, utadhani ndani ya beseni kuna bibi harusi. Mtaalamu kapiga na picha! Nyumbani mke wangu naye: kaka yangu ana mkono. Mkono! Mimi natembea na nini, matawi?

Jumatano, 5 Machi
Nimemimina spiriti yote kwa mpigo, nimpite. Yametoka madonge. Vijana wakadakia: "Babu, leo umetupikia uji?" Nikawaambia ndiyo, wa watoto kama nyie. Tukacheka. Ndani nachemka kuliko sufuria.

Alhamisi, 6 Machi
Jino limemshika shemeji, kakimbilia zahanati. "Shem, nichujie yangu, nakuamini." Haya. Nachuja, mara Mtaalamu akaniita nimshikie ngazi. Kurudi, akili yote imebaki kwenye ngazi — mabua nimeyapanga vizuri mezani, maji meusi nimeyamwaga mferejini! Kama mtu aliyefua nguo. Yeyote angekosea. Yeyote.

Ijumaa, 7 Machi
Makubwa! Shemeji kamwambia Mtaalamu kamwaga yeye mwenyewe, kabla ya kwenda zahanati. Eti jino lilimvuruga akili. Shavu limemvimba kama limejazwa upepo, huruma tupu. Na Mtaalamu, badala ya kufoka, anasema mtu mkweli namna hii ndiye wa kukabidhiwa pipa, ataamua Jumatatu. Mkweli! Yaani hata kosa langu kaninyang'anya, na limempendeza kuliko mimi!

Jumamosi, 8 Machi
Shemeji yuko sebuleni. Kiti changu. Kikombe changu. Dada yake anamkandakanda shavu na kitambaa cha moto — mimi nikiumwa huambiwa lala, litapita. Anapaza sauti makusudi, nimsikie huku chumbani: "Shem! Jumatatu tukamwambie Mtaalamu pipa tunalitaka wote wawili. Peke yangu silitaki."

Mke wangu: "Mzee, umesikia?"

Nimesikia. Nimeshika kalamu, nimeshika na mlango. Nikitoka lazima niseme kitu, na yeye ataniuliza kwa upole wake huo wa kuudhi, shem, ilikuwaje lakini?

Ile ngazi niliyoiandika Alhamisi — karakana nzima haina ngazi.