Mfuko wa Kushoto

Tarehe 3 Machi

Mwanangu Kifungo,

Salamu nyingi kama vipande vya vitambaa chini ya meza yangu. Mimi mzima. Jino moja liliniaga juzi bila kusema kwaheri, lakini yaliyobaki yanaendelea na kazi. Wewe hujambo? Mgongo je? Hayo mashuka ya hoteli bado yanakukunja wewe badala ya wewe kuyakunja?

Mzigo umefika. Niliomba laptopu, umeniletea tableti, kioo kilichovaa koti. Usinune, nimekipenda. Hilo koti lenyewe nimelikagua kifundi: pembeni halina hata uzi mmoja, wamegandisha kwa gundi, aibu tupu. Lakini kibodi yake tamu, na mimi niliyeishia darasa la nne naibonyeza kama karani wa wizara. Kinachonichekesha ni kufunga. Unakisogeza kifuniko, chenyewe kinadaka, tap! Kama mdomo wa mwanamume aliyemwona mkewe mlangoni.

Shida ni moja. Ulisema itakaa badala ya laptopu, lakini mapajani haikai, inaanguka chali kama mlevi. Mezani napo cherehani imejitandaza. Basi nimegundua njia: najilaza, mto shingoni, tableti naisimamisha kifuani. Tangu nilipoanguka juu ya cherehani mwaka jana na daktari akanishonea kile kidude chini ya mfupa wa bega la kushoto, kulala ndiyo ofisi yangu. Unakumbuka alivyosema: moyo ukiingia wazimu, kidude kinaupiga teke urudi kazini. Nimekipa jina, Punda. Mpaka leo hajapiga, nami namwogopa kuliko mkwe. Kwa ajili yake daktari alinikataza hata ile sumaku yangu ya kuokotea pini sakafuni. Sasa naziokota moja moja, nimeinama, kama kuku.

Na kwa kuwa mtaa huu una mikono mingi, nimeishonea tableti mfuko ndani ya lile koti jeusi. Unalikumbuka? La marehemu karani wa posta, aliyekufa kabla ya kuja kulijaribu mara ya mwisho, mjane wake akasema nibaki nalo. Mfuko uko ndani, upande wa kushoto, umebana sawasawa. Mwizi akiitaka aniamshe kwanza, tuzungumze.

Ni mimi baba yako, mtu wa kompyuta.


Tarehe 9 Machi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi mpaka wenzangu wa chumba cha kufulia wameniuliza kama nimeposwa. Mimi sijambo, mgongo unalalamika lakini unatii. Wewe unakula? Dawa unameza zote, au zile chungu unazisahau kwa makusudi?

Hiyo tableti nilisomea masomo yangu yote ya hesabu, na mapajani ilinitesa vilevile. Nilikuwa naweka ubao wa kukatia mboga chini yake. Fanya hivyo, ukae kwenye kiti kama watu, uache kuandika chali kama mgonjwa.

Na Punda usimtukane. Ndiye anayelala nawe humo ndani wakati mimi niko huku. Mama hayupo, ndugu sina. Siku ile ulipoanguka niliambiwa jioni, nikakaa juu ya kikapu cha taulo chafu. Sitaki siku nyingine kama ile. Simu iache wazi, hata kama unasema husikii.

Mwanao, Kifungo.


Tarehe 17 Machi

Mwanangu Kifungo,

Nakusalimu kwa sauti ya chini, maana humu ndani kuna mtu anasikiliza. Au mdudu. Sijaamua. Mwili hauna neno, usingizi ndio umehama.

Ushauri wako wa ubao nimeupokea na kuupuuza kwa heshima zote. Sikiliza jambo hili. Kuna kitu kinalia. Pi. Pi. Pi. Kidogo, chembamba, kama kifaranga ndani ya boksi. Nikijilaza nikuandikie, kinaanza. Nikiamka kukitafuta, kimya. Kwanza nikasema nyenje. Nimemsaka na ndara mpaka chini ya kitanda, nikapata donge langu la uzi lililopotea tangu mama yako yupo, nyenje sikumwona. Nikasema saa ya ukutani. Nikaitoa betri, sasa kwangu ni saa nne maisha yote.

Nikamwita Bi Jirani, aje na masikio yake mawili na udaku wake mmoja. Nikajilaza na tableti yangu ili asikie. Akainama.

"Mzee, ni wewe unayelia."

"Mimi nikilia nalia kwa besi."

"Basi umemeza simu."

Amecheka akaenda zake, lakini neno lake limeniingia. Simu! Haijawahi kunipenda ile, sikioni inanipa mikwaruzo tu. Nimeizima, nimeitia ndani ya kopo la maharage. Kwa hiyo usipige. Andika.

Baba yako, mwindaji wa nyenje.


Tarehe 19 Machi

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, lakini barua yako imeninyima hamu ya kula. Sitaki utani leo. Itoe simu kwenye kopo. Kama si nyenje wala si saa, nenda kliniki uwaambie, usisubiri tarehe yao. Umewahi kuhisi kizunguzungu? Niambie ukweli, si ukweli wa fundi anayesema nguo itakuwa tayari kesho.

Namba ya Bi Jirani nitumie. Sina mtu mwingine wa kumgongea mlango wako.

Mwanao, Kifungo.


Tarehe 28 Machi

Mwanangu Kifungo,

Leo salamu ni fupi, na pumzi nayo fupi. Hali usiulize, nitaisema mwenyewe.

Simu bado imo koponi, imezimwa, kifuniko juu, na jiwe juu ya kifuniko. Sauti haijakoma. Nilikuwa kwenye foleni ya dawa, koti mwilini, tableti mfukoni, ikaanza. Pi. Pi. Aliye mbele yangu akapapasa mifuko yake. Aliye nyuma akapapasa mkoba. Nikajipapasa na mimi nisionekane mshamba. Kisha nikapanda ngazi, na hapo ndipo mate yaliponikauka. Nikipanda, sauti inaharakisha. Nikisimama kupumzika, nayo inapunguza mwendo. Nikaweka vidole shingoni. Moyo ukipiga, inalia. Moyo, pi. Moyo, pi. Kifungo, kuna mtu ananihesabu.

Nyumbani nikavua koti nikalitundika. Kimya. Nikalivaa. Pi. Nikalivua tena, nikakaa nalitazama pale msumarini, mabega yamesimama kama lina mtu ndani. Nikaelewa. Yule karani alifanya kazi posta maisha yake yote, hakusahau hata barua moja ya watu. Atasahau koti lake?

Nikatoa tableti, nikalikunja koti, nikampelekea mjane.

"Nimemletea mwenyewe," nikamwambia.

"Mwenyewe yuko kaburini."

"Ndiyo hivyo. Ukienda, mpelekee."

Akanitazama kama anayepima mtu jeneza, lakini akalipokea. Njia nzima tableti iko mkononi, na kimya. Nikacheka peke yangu barabarani. Nikafika, nikajilaza, nikaiweka kifuani nikuandikie habari njema.

Pi.

Basi si koti analotaka. Anataka mimi.

Sikukuandikia siku ile. Nikaishonea tableti mfuko mpya kwenye fulana, kushoto palepale, nikajitia kufanya kazi. Jana nikipiga pasi suruali ya mteja, giza likanifunika. Nilipozinduka niko sakafuni, suruali ina alama ya pasi kama ulimi mkubwa unaonicheka. Na Punda hakupiga teke. Daktari alisema moyo ukienda kombo atapiga, hakupiga. Labda naye anamwogopa karani.

Kliniki siendi. Nikiwaambia nahesabiwa na maiti watanipeleka wodi nyingine. Nakuandikia nimelala, tableti iko juu ya kifua, inalia, na mimi siitoi. Ndicho kitu chako pekee nilicho nacho karibu.

Baba yako anayehesabiwa.


Tarehe 31 Machi

Baba, shikamoo.

Kabla ya mstari unaofuata, inuka. Toa tableti kifuani. Iweke juu ya cherehani, usimame mbali kidogo, usome kutoka hapo. Inuka kwanza, baba. Nakuomba.

Si karani. Hakuna maiti anayekudai kitu.

Nilipopata barua yako niliipigia kliniki yako simu. Nesi akaniuliza, "Ana sumaku karibu na kifua?" Nikasema hapana, ile ya pini aliitupa mlipomkataza. Akasema basi aletwe haraka. Nikarudi kazini. Tunatoa pini kwenye mashati ya wageni kabla ya kuyafua, na tableti yangu mpya iko pale mezani, ina kifuniko kama chako. Nikamwaga pini kando yake. Zikatambaa, baba. Zikaenda kifunikoni zenyewe. Hicho kinachodaka tap! kilichokuchekesha ni sumaku. Ziko pembeni pote, wamezificha ndani.

Nilimpigia nesi tena. Akasema baadhi ya mashine kama Punda wako hulia sumaku ikizikaribia, zikifuata mapigo ya moyo. Na muda wote sumaku ikiwa pale, Punda amelala. Moyo ukisimama hatapiga teke. Ulipoanguka na pasi hakuogopa mtu. Alikuwa amelazwa usingizi na zawadi yangu.

Kama huniamini, chukua pini moja kwenye ukosi wako uisogeze.

Nimekaa kati ya mashuka. Simu yako imezimwa, namba ya Bi Jirani hukunitumia, njia pekee ya kukuonya ni kitu kilekile ninachotaka ukitupe. Na najua unavyosoma: umelala chali, mto shingoni, barua yangu juu ya moyo.

Inuka, baba.

Kifungo.


Tarehe 1 Aprili

Baba,

Hapa pameandikwa kwamba umeifungua barua yangu leo alfajiri. Sasa ni jioni. Hujajibu. Wewe usiyeweza kunyamaza hata kanisani.

Uliisoma ukiwa wapi?

Nimepiga, bado imezimwa. Nimeomba ruhusa kazini niondoke, wanasema nisubiri wiki ijayo. Andika herufi moja tu. Yoyote.

Kifungo.


Tarehe 6 Aprili

Mwanangu Kifungo,

Herufi yako hii hapa: P. Ya Punda.

Marahaba kwa shikamoo zote nilizokuwa sijaziitikia. Mimi mzima, kwa maana ya kwamba sijafa. Mkono wa kushoto una ganzi, kifua kina alama, na Bi Jirani ananilisha uji kwa kijiko huku akinisimulia mtaa mzima. Sijui kipi kinaniumiza zaidi.

Barua yako niliisoma nimelala. Usipige kelele. Uliposema inuka, sikuinuka. Tangu lini kifungo kikaliamrisha shati? Nikaendelea kusoma na ile pi pi ikinihesabu, mpaka nikafika kwenye pini zilizotambaa. Nikachomoa moja ukosini. Sikuigusisha, niliisogeza tu. Ikaniruka vidoleni ikadaka pembeni, tap, palepale juu ya moyo wangu.

Kifungo, jasho lilinitoka mpaka nyayoni. Sumaku ya sakafuni niliitupa kwa utii, kisha nikajishonea nyingine kifuani kwa mkono wangu mwenyewe. Mara mbili! Na mshono ulikuwa mzuri, nilijisifu.

Niliibeba ile tableti kwa kunyoosha mikono, kama mtu aliyebeba mtoto aliyejikojolea, nikaiacha dirishani. Sauti ikakatika. Nikakaa kitandani nikisikiliza, na kile kimya kikanitisha kuliko ile pi pi. Hujui kama aliyekuwa akilia amelala au ameondoka.

Nikaenda kwenye cherehani ili mikono iwe na kazi. Nilikuwa natunga uzi. Tundu la sindano likawa mawili, kisha halikuwepo.

Na hapo Punda akapiga.

Mwanangu, lile si teke la punda mmoja, ni la ukoo mzima na mashemeji zake. Bi Jirani anasema alinikuta sakafuni nikitukana matusi ambayo hata wateja wasiolipa sijawahi kuwapa. Akanipeleka hospitali na khanga yake moja na kelele mia. Daktari akasoma mashine yake, akasema moyo ulikuwa umepotea njia kabisa, teke ndilo lililourudisha. Nikamuuliza, "Na kama ile tableti ingekuwa mfukoni?" Aliangalia viatu vyake.

Jana nimerudi nyumbani. Jambo la kwanza, nimechukua wembe nikaufumua ule mfuko wa fulana, uzi kwa uzi. Wembe uliteleza, nimetoboa fulana. Koti nilitaka kulirudisha, mjane amekataa, anasema tangu lilipofika analala vizuri. Karani na alale naye salama.

Tableti nimeipa nafasi mezani, cherehani imesogea, imenuna. Naandika kwenye kiti kama watu. Koti lake nimelivua, nimelifungia kabatini mwisho wa chumba, kibodi na yote, kwa hiyo nagonga kioo kwa kidole kimoja na mkono umenyooka. Barua hii imenichukua asubuhi nzima. Kila nikimaliza mstari nasimama, nasikiliza kama kuna kitu kinalia.

Daktari anasema anaweza kupiga tena. Hata leo. Naogopa, Kifungo. Haya, nimeandika, na sitanii.

Simu nimeitoa koponi. Inanuka maharage, lakini inawaka. Ukimaliza kusoma, piga. Sikio langu unalijua, sitasikia neno utakalosema, kwa hiyo usijisumbue kusema. Sikiliza tu ninavyohema. Nami huku nitasikia mikwaruzo, nitajua ni wewe.

Baba yako.